Fulana Aliyoichora Kitinda

4 Machi

Kwako mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu, tena zipokee kwa mikono miwili maana ni nyingi. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo si habari. Shemeji yako anakusalimu kutoka kitandani. Tangu alipoanguka kwenye ngazi akibandika bati, nyonga haijakubali, hajigeuzi mpaka nimgeuze, lakini mdomo haukuvunjika. Kitanda tumekisogeza dirishani, sasa yeye ndiye msimamizi wa mtaa, hapiti mtu bila kuulizwa anakokwenda. Bibi, mama mkwe wangu, anakusalimu, bado anasikia anachotaka kusikia. Mwanao mkubwa, Fundi, yuko mbali anasimamisha nguzo za umeme, hurudi mwisho wa mwezi na nguo chafu za mwezi mzima. Mkewe, Sista, anakusalimu. Unajua kazi ya uuguzi, sasa zahanati wamemwongezea nyingine: tangu watu walipoharisha wakati wa ile mvua kubwa, anapita nyumba kwa nyumba na mfuko wa vidonge vya kusafishia maji, jioni anarudi viatu mkononi. Mjukuu wako Kibibi ameng'oka meno ya mbele yote na hanyamazi. Cherehani yangu nayo inakusalimu, inakohoa kama mzee lakini inashona.

Hao ndio wa kwangu. Wa kwangu mwingine uko naye wewe.

Sasa niingie ndani. Mke wa muuza mkaa, jirani yangu wa ukuta mmoja, binti yake amerudi kutoka huko kwenu. Kaja amevaa fulana. Nikamwambia, mwanangu, fulana nzuri hiyo, umeitoa wapi? Akacheka. "Mama Fundi, hujui kazi ya Kitinda wenu? Kaichora mwenyewe, kule kwa mama yake."

Nikasema, kwa mama yake yupi?

"Si kwa Mama Fulana! Mtaa mzima tunamwita hivyo. Kitinda mwenyewe anamwita Mama tu."

Mdogo wangu! Nilirudi ndani nikashona mkono wa gauni la mtu kinyumenyume.

Najua mama mdogo ni mama. Nani asiyejua? Ila hilo "mdogo" liliwekwa kwa sababu yake, tusiliangushe njiani. Huyo ni kitinda mimba wangu, tumbo lilifungwa naye. Nilikupa akusaidie kazi, akajifunze, si kwamba nilikuwa na wengi nikaona nipunguze.

Na jambo lenyewe ni hili. Binti wa muuza mkaa anavaa kazi ya mkono wa mwanangu, mimi niliyemzaa navaa gauni lililochujuka. Wewe ungejisikiaje? Niletee fulana. Simu sitaki, nikikupigia unasema "Dada, nina wateja," unakata. Barua haikatwi.

Jibu upesi, kabla sijakuja mwenyewe na shemeji yako mgongoni.

Dada yako

*

27 Machi

Dada yangu, kuku mwenye vifaranga,

Shikamoo. Nimecheka barua yako mpaka mteja akaniuliza kama nina akili timamu. Mpe pole Shemeji, mwambie dirishani hapo awe anakula mboga za majani mifupa ishike. Shikamoo yake Bibi. Fundi na Sista nawasalimu. Kibibi mwambie meno yataota, maneno apunguze.

Kitinda hajambo. Amenenepa, ndevu zimeungana na masikio. Analala chumba cha mbele, kazi tunafanyia kile cha nyuma ya duka la vipuri, na kamba za kuanikia fulana zimejaa mpaka tunatembea tumeinama kama tunaomba msamaha. Mwanzoni nilimpa kazi ya kusukuma wino tu. Siku moja mfanyakazi wa michoro hakuja, nikamwambia jaribu. Dada, mkono wake una kitu! Anachora kwenye karatasi, tunahamishia kwenye ule wavu wa fremu, tunapitisha wino, na picha inatoka kama inakutazama.

Hiyo fulana uliyoiona ina hadithi. Alikuja mteja mmoja mwenye maneno mengi, tunamwita Bwana Maswali. Alitaka maneno haya kifuani: WANATUNYWESHA USINGIZI. Mgongoni: NANI ALIKWAMBIA NI DAWA? Eti maji ya bomba yanatiwa kitu watu wasinzie akili, wakubali kila wanaloambiwa. Nikamuuliza, maneno haya umeyatoa wapi? Akasema ameyaona kwenye fulana. Basi. Kitinda akachora bomba, na tone la maji linaloning'inia, ndani ya tone jicho limefumba. Jicho lenyewe nikilitazama nasinzia mimi.

Tangu hapo, zile za harusi na za timu za mpira hazitoki tena, watu wanataka jicho. Usinitolee macho dada, fulana haisemi uongo, inauliza tu. Kuuliza si kosa.

Kuhusu kuniita mama, nimkataze vipi? Asubuhi anasema "Mama, chai ipo?" nimjibu "Mimi si mama, chai haipo"? Nimemwambia akuandikie. Amesema ataandika.

Hii hapa fulana yako. Nimekuchagulia kubwa, usije ukanilaumu.

Mdogo wako

*

15 Aprili

Kwako mdogo wangu,

Sisi wazima. Shemeji yako sasa anaweza kuketi akiegemezwa mito, anasema anakushukuru kwa ushauri wa mboga lakini alitaka nyama. Bibi alipata mafua, yamekwisha. Fundi alikuja na kuondoka. Kibibi ameanza kuota jino moja, analionyesha hata kwa wasioomba.

Fulana imefika. Nimeinusa kwanza. Nilidhani itanuka mwanangu, inanuka wino.

Mdogo wangu, siivui ila kuifua. Naifua jioni, naipiga pasi asubuhi, naivaa. Nimekwenda nayo sokoni, nimekwenda nayo mkutano wa wazazi shuleni kwa Kibibi, nimekaa nayo kwenye foleni ya zahanati. Kila mtu, "Mama Fundi, umependeza, hii ya wapi?" Nami nasema, ya Kitinda wangu, kazi ya mkono wake. Binti wa muuza mkaa sasa anapitia upande wa pili. Maneno nimeyasoma, darasa langu unalijua, niliyavuta polepole kama ndoo. Nikaona ni utani wa vijana. Mimi silivalii neno, namvalia aliyelichora.

Wanawake wakataka. Nikaona kwa nini wote waje kununua kwako? Nikachukua chaki, nikaunakili mchoro kwenye kitambaa, nikautarizi kwa uzi, bomba kwa uzi wa kijivu, tone kwa wa bluu, jicho kwa mweusi, na maneno chini yake. Nimetia kwenye aproni, nimetia kwenye mifuko ya mashati. Mke wa muuza mkaa amechukua aproni na mashati ya watoto wake wote. Mwambie Kitinda mama yake naye anachora, ila kwa sindano.

Sasa sikia vituko vya mkwe wangu. Jana Sista karudi na mfuko umejaa kama alivyoondoka nao. Kasimama mlangoni ananitazama kifuani.

"Mama, unajua umevaa nini?"

Nikamwambia, nimevaa mwanangu.

"Nimegonga kwa muuza mkaa. Mkewe kanirudishia vidonge. Kanambia, hata mama mkwe wako hataki, angalia kifua chake."

Nikasema, mimi sijamwambia mtu asitie kidonge.

"Ndiyo maana," akasema. "Ungesema ningekuja tukabishana, ningekuuliza nani kakwambia, tungefika mahali. Fulana inapita tu. Nitaujibu vipi mgongo wa mtu, Mama?"

Nikamwambia apunguze ukali, ni nguo. Akaingia ndani bila kula. Wivu, mdogo wangu. Ananionea wivu kwa kuwa siku hizi mimi ndiye ninayesimamishwa njiani, si yeye na sare yake nyeupe. Wivu mbaya sana, Mungu atuepushe nao.

Kitinda hajaniandikia. Ulisema ataandika. Je, unamkumbusha kweli, au unamkumbusha kwa sauti ndogo?

Nijibu haraka.

Dada yako

*

20 Mei

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo kwa Bibi. Shemeji apate nyama yake. Kibibi hongera ya jino. Samahani nimechelewa, kazi imetuzidi, nimeongeza msichana wa kukunja na bado hatumalizi.

Kitinda nimemsomea barua yako. Alisimama, akazunguka chumba, akakaa. Akasema, "Mama anaivaa kila siku?" Nikamwambia kila siku. "Na mtaa wetu wote?" Nikamwambia ndivyo alivyoandika. Dada, alifurahi, lakini furaha ile sikuielewa vizuri. Usiku ule hakuchora. Kesho yake akaniuliza, "Mama anaivaa kwa kunipenda, au naye ameshaona?"

Ameona nini? nikamuuliza. Akachukua dumu tupu akatoka.

Sasa nikuambie jambo, usinipandishie. Ameacha kunywa maji ya bomba. Anakwenda na dumu kwenye kisima cha nyuma ya gereji, kile wanakooshea magari, anasema yale hayajaguswa. Nilimcheka. Nikamwambia, wewe mwenyewe ndiye uliyechora lile jicho hapa mezani, huku unatafuna karanga, umesahau? Akasema, "Mkono ulichora kabla kichwa hakijajua. Hivi watu wote hao waamini kitu kisichokuwepo? Hata Mama?"

Dada, mwandikie. Mwambie aache upuuzi. Mimi nikisema ananiambia, "Mbona unaziuza?" Wewe atakusikia.

Nimekuwekea picha tuliyopiga siku tuliyofungua tawi la pili. Huyo aliyeniegemea ndiye mwanao, usije ukadhani ni mzee fulani kwa zile ndevu.

Mdogo wako

*

9 Juni

Kwako mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Shemeji yako, Bibi, Fundi, Kibibi, wote wapo. Sista yupo pia, anasema na mimi "shikamoo" na "ndiyo" tu.

Picha nimeiona. Niliiweka juu ya cherehani, nikaiondoa, nikaiweka tena. Kaegemeza kichwa begani kwako. Mimi alipokuwa na miaka tisa alikataa nisimshike mkono barabarani, eti amekuwa mkubwa. Kumbe ukubwa wenyewe ulikuwa wa kwangu mimi tu.

Na barua yako nimeielewa sana. Nimeisoma mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa tumbo. Yaani wewe uwe wa chai na picha na tawi la pili, mimi niwe wa kukaripia? Mtoto akikosea kwako, anakuwa wa kwangu. Akinenepa, wa kwako. Hapana, mdogo wangu. Kama ni kumkemea, mkemee wewe unayeitwa Mama.

Ndani ya bahasha kuna karatasi imekunjwa, ya Kitinda, usiifungue. Si siri, nitakwambia nilichoandika. Nimemwambia mama yake yuko upande wake. Nimemwambia na mimi nimeacha vidonge, nakunywa maji ya Mungu yalivyo, na kichwa changu siku hizi chepesi kama cha msichana. Akijua kwamba yuko mtu mmoja duniani asiyemcheka, ataandika.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Wewe ungejulia wapi?

Ni hayo. Nijibu.

Dada yako

*

11 Agosti

Kwako mdogo wangu mpenzi,

Natumai u mzima, maana mwezi wa sita umepita, wa saba umepita, hata salamu sijaiona, na nikipiga simu hupokei. Huku Shemeji yako ametembea hatua chache kwa magongo, akafika mlangoni, akarudi analia, akasema ni vumbi. Bibi hajambo. Fundi hajambo. Kibibi hajambo, namshukuru Mungu mara nyingi kwa hilo, utaona kwa nini.

Kitinda aliniandikia! Pengine unajua. Ukurasa mzima, mwezi wa saba. "Mama yangu wa kweli," ndivyo alivyoanza. Niliusoma mpaka mikunjo ikakatika. Anasema ni mimi peke yangu ninayemwelewa. Ningekuwa na mabawa siku ile ningeruka.

Lakini mdogo wangu, nyumba ya muuza mkaa wamelazwa watoto wawili. Kuharisha. Yule mdogo macho yaliingia ndani, ngozi ukiivuta hairudi. Sista hakulala nyumbani, alikuwa naye, anamnywesha kwa kijiko. Wamepona, wametoka jana. Mama yao kaja hapa na aproni ameikunja, kaiweka juu ya cherehani yangu. Hakunitukana. Kasema tu, "Mama Fundi, mimi nilikuona wewe, nikajua kama ni uongo usingevaa." Akaondoka.

Nimekwenda nyumba kwa nyumba kuomba nguo zile. Waliokubali kunipa, nimekaa nikafumua uzi mmoja mmoja. Nyuzi zimetoka zote, lakini ukiinua kitambaa kwenye mwanga, matundu ya sindano bado yanasomeka. Wengine wamenikatalia mlangoni. Mmoja kaniambia, "Na wewe wamekunywesha?"

Sista aliponikuta nafumua, alivuta kigoda akakaa, akashika mkasi mwingine.

Mdogo wangu, nakuuliza na usinifiche. Kitinda anakunywa maji gani?

Nimeona pia kwamba barua yangu ya mwisho ilikuwa na sentensi mbaya mwishoni. Wino ulikuwa mwingi. Nijibu, hata kama ni kunitukana. Nijibu upesi.

Dada yako

*

2 Septemba

Dada,

Leo sina salamu, nisamehe.

Sikuandika kwa sababu ya ile sentensi. Ulinijua tangu tukioga beseni moja, ukachagua mahali pa kunichoma, ukapapata. Nikasema, sawa, mimi si mzazi, basi yasinihusu. Nikakaa kimya kama mtoto aliyenyimwa. Na hapo ndipo nilipokosea, maana katikati ya kununa kwangu Kitinda alianza kuumwa, nikasema nitaandika akipona.

Hakupona. Homa inashuka asubuhi, inapanda jioni, tumbo halimkai. Zile nyama zote za mwaka huu zimekwenda, shingo imekuwa kama ya kuku. Daktari wa mtaani alikuja, akasema ni matumbo, ni yale maji ya gereji, anywe dawa, atundikiwe maji hospitali, tena bila kuchelewa. Kitinda akageukia ukuta. Dawa anaitema. Chupa ya kutundikia alipoionyeshwa alisema, "Huo ndio usingizi wenyewe, sasa wanautia kwa mshipa." Maji anakunywa ya dumu lake tu, au hanywi. Nimemwaga dumu, akakaa na kiu siku nzima, midomo imepasuka, nikaogopa nikamrudishia.

Nimefunga kile chumba cha nyuma. Fremu yenye jicho nimeivunja kwa mguu mbele yake. Akaniambia, "Wamekutisha na wewe." Dada, kila ninachofanya kwake ni ushahidi.

Anasema, "Mama mwenyewe ameacha vidonge na ni mzima." Ile karatasi yako anaiweka chini ya mto. Nilimwambia, mpigie basi umsikie. Akasema sauti ya simu inaweza kuigizwa, mkono wa mtu hauigizwi, hataamini kitu ila mwandiko wako.

Jana nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, nakuomba mwanangu, kunywa. Akanitazama akasema, "Wewe si mama yangu."

Basi. Mwandikie. Mimi nimefika mwisho wangu.

Mdogo wako

*

4 Septemba

Kwako mdogo wangu, wewe uliye karibu naye,

Yako uliyoitia kwenye basi imefika leo asubuhi, na hii inakuja mkononi mwa Sista. Nilimwomba, sikujua nianzie wapi, nikaanza na "mwanangu," akasema, "Mama, begi nimeshafunga." Ana dawa, ana chumvi na sukari za kuchanganya, ana moyo kuliko mimi. Ningekuja mwenyewe, lakini shemeji yako jana alianguka tena na magongo yake, hawezi hata kukaa. Analia kwamba amenifunga. Bibi anaomba. Fundi nimempelekea ujumbe. Kibibi amenyamaza, mara ya kwanza tangu ajue kusema.

"Wewe si mama yangu." Mdogo wangu, maneno hayo nimeyasubiri tangu mwezi wa tatu. Nilikuwa nayaota, kwamba siku moja atakwambia hivyo na wewe utajua. Sasa yametoka, na nikiweza ningeyarudisha kinywani mwake moja moja. Nisamehe. Uzazi niliokunyima kwa kalamu, ulikuwa unaufanya kila siku kwa mikono, mimi nahesabu nani ameegemea bega la nani.

Haya yafuatayo ni yake. Mwonyeshe, mpe ashike mwenyewe, autazame mwandiko vizuri, aone lile "k" langu linaloanguka kama kilema ambalo alilicheka tangu yuko shule.

Kitinda, mwanangu.

Ni mimi. Nilikudanganya. Sijaacha vidonge hata siku moja. Siku ile naandika kwamba nimeacha, glasi ya maji yenye kidonge ilikuwa hapo hapo mezani, niliinywa nikalamba bahasha. Kichwa changu hakijawahi kuwa chepesi, kinauma kama kawaida.

Utasema wamenitisha. Nani anitishe mimi, mwanangu, kwa habari gani? Sikiliza kwa nini nilidanganya, na kama si kweli ungejua, maana hakuna mama anayetunga aibu kama hii. Nilikuwa na wivu. Ulimwita mama yako mdogo Mama, nikaona umeniacha. Fulana yako sikuivaa kwa sababu naamini yaliyoandikwa. Ningevaa hata kama ungechora mbuzi. Nilitaka watu waone nina mwana. Wewe ukaona naivaa, ukasema kumbe ni kweli. Mke wa muuza mkaa naye akaniona, akasema kumbe ni kweli. Na mimi nikaona mtaa wote wanataka, nikasema kumbe mwanangu ameshika jambo. Tumezunguka hivyo, mwanangu, kila mmoja amemwangalia mwenzake, na hapo katikati hapana mtu hata mmoja aliyeona kitu kwenye yale maji. Wewe ulichora. Ulichora vizuri mno, hilo tu.

Hasira nikasirikie. Ukipona uje unitukane hapa mlangoni, nitakupa kiti utukane umekaa. Lakini kunywa. Usinywe kwa ajili yangu, mimi sistahili. Huyo aliyekaa hapo kando yako, aliyekuosha ukiwa umejichafua, ambaye hajalala, huyo ni mama yako. Nasema mimi niliyekuzaa, kwa mwandiko wangu: ni mama yako. Kunywa mkononi mwake.

Na wewe mdogo wangu, usimsubiri akubali yote. Akifungua mdomo kukubishia, tia kijiko. Mpeleke hospitali, mbebe kama hataki, Sista atakusaidia kumbeba. Akikuita Mama, itika kwa sauti kubwa, mpaka mimi huku nisikie.

Leo simu nimeiweka mfukoni mwa gauni, lakini sina nguvu ya kusikia maelezo. Nitumie neno moja tu, upesi, hata kabla hujamfuta mdomo: amekunywa.

Dada yako